Neno "Myriad" na Asili Yake

Katika vitabu na magazeti ya Kiingereza msomaji hukutana mara kwa mara na neno "myriad", ambalo hutamkwa karibu na "miriadi", mkazo ukiwa katika silabi ya kwanza. Akifungua kamusi kutafuta maana yake, hukuta maana mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zaonekana kugombana. Ya kwanza ni elfu kumi kamili, si zaidi wala si pungufu. Ya pili ni wingi usio na hesabu. Yawezekanaje neno moja litaje hesabu iliyo kamili, na papo hapo likane kwamba hesabu ipo?

Swali hili si mchezo wa darasani tu. Chukua mfano wa mfasiri aliyewekewa mezani barua ya Kiingereza isemayo kwamba wakulima wa bonde fulani wana "a myriad of complaints" juu ya maji ya mfereji. Akiandika kwamba wana malalamiko elfu kumi, atakayeisoma barua hiyo kwa Kiswahili atauliza yameandikwa wapi, na ni nani aliyeyahesabu. Na akionyeshwa kumi tu, atasema wakulima wale ni waongo. Kumbe wakulima hawakusema uongo. Uongo umeingizwa na kalamu ya mfasiri. Na kinyume chake ni kibaya vilevile. Mtu akikuta neno hilohilo katika historia ya kale, mahali ambapo mwandishi alikuwa akihesabu askari au fedha, naye akaandika "wasiohesabika", amefuta hesabu ya mwenyewe na kutia porojo mahali pake. Kwa hiyo yafaa kujua neno hili lilitoka wapi, na lilipitia mikononi mwa nani kabla ya kufika kwa Waingereza.

Asili yake ni Kiyunani. Wayunani walikuwa na neno "myrios", yaani -ingi mno, -siohesabika. Na kwa wingi "myrioi", yaani elfu kumi. Kutoka hapo wakaunda jina "myrias", ambalo ni fungu la elfu kumi, kama vile Kiswahili kisemavyo dazani kwa fungu la kumi na mbili au korija kwa fungu la ishirini. Watu wengi hudhani kwamba hesabu ilitangulia, kisha kwa kutiliwa chumvi ikageuka kuwa "isiyohesabika". Ushahidi wa maandishi waonyesha kinyume. Katika utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, ulio miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Wayunani, neno hili latokea katika mstari wa pili tu, nalo latumika kwa maumivu yaliyowapata watu. Maumivu hayahesabiwi kwa makumi. Hapo maana yake ni "yasiyo na idadi", wala hakuna awezaye kuifasiri kuwa elfu kumi. Hesabu ilikuja nyuma, watu walipoanza kuandika majeshi, mizigo na fedha, wakahitaji jina kwa daraja iliyo juu ya elfu. Wakalitwaa neno lililokuwa tayari likisema "wingi mkubwa", wakalifunga kwa kamba ya hesabu. Baadaye wanazuoni wao wa sarufi walitenga maana hizo mbili kwa mahali pa kutia mkazo: mkazo ukiwa mahali pamoja, neno ni elfu kumi; ukihamia pengine, neno ni wingi usio na kikomo.

Elfu kumi ndiyo iliyokuwa hesabu ya juu kabisa yenye jina lake katika lugha hiyo. Wayunani waliandika hesabu kwa herufi za alfabeti yao. Herufi tisa zilitosha kwa moja hata tisa, tisa nyingine kwa kumi hata tisini, na tisa nyingine kwa mia hata mia tisa. Na kwa maelfu walitia alama ndogo kando ya herufi. Walipofika elfu kumi waliandika herufi M, iliyo ya kwanza katika neno "myrias", na juu yake wakaandika ni elfu kumi ngapi.

Namna hesabu hiyo ilivyotumika kazini yaonekana vizuri katika habari aliyoiandika Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, juu ya mwaka 480 kabla ya Kristo. Mwaka huo Xerxes, mfalme wa Uajemi, alikuwa akienda kuipiga nchi ya Wayunani, naye alilisimamisha jeshi lake Doriscus, mahali penye uwanda mpana karibu na bahari, ili alihesabu. Makarani wake hawakuhesabu mtu mmoja mmoja. Walikusanya watu elfu kumi, wakawasonga pamoja kadiri walivyoweza kusongana, kisha wakachora mstari wa mviringo kuwazunguka. Wakawatoa watu wale, na juu ya mstari ule wakajenga ukuta wa mawe uliofika kitovuni mwa mtu. Ukawa sasa ni ua wenye nafasi ya watu elfu kumi. Wakawaingiza askari wengine mpaka ua ukajaa, wakawatoa. Wakaingiza wengine, wakawatoa. Hata jeshi lote likapita. Herodotus asema ua ulijazwa mara 170, yaani askari wa miguu 1,700,000.

Kila mtu aliyewahi kupima mahindi kwa debe ataielewa mara moja kazi hii, na ataona pia ilipo hatari yake. Xerxes aliwapima watu wake kama nafaka. Lakini muuza mahindi na mnunuzi wake wote wawili wajua kwamba debe lililoshindiliwa si sawa na debe lililomiminwa tu. Watu elfu kumi wa kwanza walisongwa kwa nguvu. Waliofuata, ambao hakuna aliyewahesabu, huenda walisimama kwa nafasi zaidi, mikuki na ngao zikiwatenga, na ua ukaonekana umejaa hali ndani hamna elfu kumi. Kosa dogo katika kipimo kama hiki hurudiwa kila mara kipimo kinapojazwa. Wanahistoria wa siku hizi hawaikubali jumla ile ya Herodotus, kwa kuwa jeshi la ukubwa huo lisingepata chakula wala maji ya kutosha njiani. Nao hulikadiria jeshi la Xerxes kuwa dogo kuliko hivyo mara nyingi. Hata hivyo habari yenyewe ni ya thamani, maana yaonyesha "myrias" ikiwa kipimo hasa, kitu chenye ukuta, wala si neno la kupamba mazungumzo.

Miaka karibu themanini baadaye, yaani mwaka 401 kabla ya Kristo, neno hilo lilipata kazi nyingine iliyo katikati ya hizo mbili. Askari wa Kiyunani waliajiriwa na Cyrus, mwana wa mfalme wa Uajemi, aliyetaka kumpokonya ndugu yake Artaxerxes kiti cha enzi. Cyrus aliuawa katika mapigano ya Cunaxa, karibu na mji wa Babeli, na Wayunani wale wakabaki katikati ya nchi ya adui, mbali na kwao. Walitembea kwa miguu kupita milima na theluji mpaka wakaifikia Bahari Nyeusi. Mmoja wa viongozi wao, Xenophon, aliiandika safari hiyo, na tangu zamani watu wale huitwa "Wale Elfu Kumi". Lakini mtu akizitazama hesabu alizoziandika Xenophon mwenyewe, ataona kwamba kabla ya mapigano kulikuwa na askari 10,400 wa silaha nzito na 2,500 wa silaha nyepesi, na walipohesabiwa tena kule pwani, katika mji wa Cerasus, walibaki 8,600. Hapakuwa na siku yoyote katika hizo mbili ambayo walikuwa elfu kumi sawasawa. Jina lilichukuliwa kwa sababu lilikuwa karibu, na kwa sababu lilisikika kuwa kubwa.

Aliyeligeuza neno hili kuwa chombo cha akili kuliko wengine wote alikuwa Archimedes wa Syracuse, mji ulio katika kisiwa cha Sicily, aliyeuawa Warumi walipouteka mji huo mwaka 212 kabla ya Kristo. Archimedes alimwandikia Mfalme Gelon kitabu kidogo juu ya hesabu ya mchanga. Watu, alisema, hudhani mchanga hauna hesabu. Na wengine hukubali kwamba hesabu ipo, ila ni kubwa hata haiwezi kutajwa. Yeye alitaka kuonyesha kwamba yaweza kutajwa, wala si hesabu ya mchanga wa pwani ya Sicily tu, bali ya mchanga ambao ungetosha kuujaza ulimwengu mzima pamoja na nyota.

Shida yake ilikuwa ileile, kwamba lugha iliishia elfu kumi. Basi alitwaa elfu kumi mara elfu kumi, ndiyo 100,000,000, akaifanya kuwa "moja" ya daraja ya pili. Akahesabu tena kwa hiyo mpaka akafika daraja ya tatu, na kuendelea, kama mtu apandaye ngazi akiikanyaga ile aliyokwisha kuipanda. Kisha akaanza na kitu kidogo kabisa. Alichukua mbegu ya mpopi, iliyo ndogo kuliko ya ufuta, akakisia kwamba haiwezi kuzidi chembe elfu kumi za mchanga, na kwamba mbegu arobaini zikipangwa mstari mmoja hazipungui upana wa kidole. Kutoka kidole alipanda hata uwanja, kutoka uwanja hata dunia, kutoka dunia hata nyota. Mwisho alipata kwamba chembe zile hazizidi hesabu ambayo leo huandikwa 1 na kufuatwa na sifuri 63. Hivyo neno lililokuwa likisema "haihesabiki" lilitumiwa kuhesabu kile ambacho kila mtu alikitoa kuwa mfano wa kisichohesabika. Ni vigumu kupata mfano mwingine mzuri zaidi wa neno kushindwa kwa silaha yake lenyewe.

Wasomaji Wakristo wamelisoma neno hili mara nyingi bila kulijua, kwa kuwa Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, yuko mtumwa aliyewiwa na bwana wake talanta elfu kumi, na katika Kiyunani hiyo elfu kumi ni "myrioi". Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi deni la mtumwa yule lilikuwa dinari 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka, asile wala asivae, angehitaji miaka 200,000 kulilipa. Msimuliaji alichukua kipimo kikubwa cha fedha akakizidisha kwa hesabu kubwa yenye jina, kwa hiyo msikilizaji wa siku zile alisikia mara moja kwamba deni hili halilipiki. Na ahadi ya mtumwa ya kulipa yote akipewa muda tu ilikuwa maneno matupu. Mwenzake, ambaye yeye alimkaba koo, alikuwa akiwiwa dinari mia moja, kazi ya miezi michache. Hapa wafasiri wa Kiswahili walifanya vyema kuacha "elfu kumi", kwa maana mizani ya hadithi yategemea hesabu mbili kuwekwa kando kwa kando. Hali kadhalika katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, vitabu vya uganga vilivyochomwa moto Efeso vilikuwa na thamani ya "myrias" tano za fedha. Ile ni bei, na bei ni lazima iandikwe kwa idadi, hamsini elfu. Lakini katika Injili ya Luka, sura ya 12, neno hilohilo latumika kwa umati uliokusanyika hata watu wakakanyagana. Huko hakuna aliyejenga ua wa mawe kama Xerxes. Mfasiri anayeandika "maelfu kwa maelfu" hajakosa.

Wayunani hawakuwa peke yao katika kuitukuza elfu kumi. Wachina wanalo neno "wan", lenye maana ya elfu kumi na tena ya wingi usio na kifani, na ule ukuta wao mashuhuri waliuita ukuta wa maili elfu kumi, kwa kipimo chao cha maili. Ajabu ni kwamba alama ya zamani ya neno hilo katika maandishi yao ilikuwa picha ya nge. Iliazimwa kwa hesabu kwa sababu ya sauti tu. Wajapani wapigapo ukelele wa "banzai" hutakia maisha ya miaka elfu kumi, ingawa hakuna anayetazamia kuishi hata mia mbili. Na jirani wa karibu, Waganda, wanalo "omutwalo" kwa elfu kumi, wala wachuuzi wa Kampala hawahitaji maneno mawili kuitaja. Kiswahili kwa upande wake kilirithi "elfu" kutoka Kiarabu, huku "kikwi" cha kale kikibaki kwa washairi, kikapata "laki" kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara. Kwa hiyo huruka kutoka elfu hata laki moja bila kituo katikati. Lakini tabia ya kuitumia hesabu kuu kwa maana ya wingi si ngeni hata kidogo. Mtu aambiwaye "asante elfu" haketi kuzihesabu, na jina la hadithi za Alfu Lela Ulela, ambalo maana yake ni usiku elfu na moja, lilipendeza masikio ya watu kabla hajatokea mtu wa kuuliza hadithi zenyewe ni ngapi.

Kutoka Kiyunani neno liliingia Kilatini, na katika karne ya 16 likaingia Kiingereza, likiwa na maana zake zote mbili. Hapa pana ubishi ambao umewapotezea wanafunzi wengi alama zao. Wako walimu na wahariri wanaofundisha kwamba "myriad" ni sifa tu, hivi kwamba ni lazima kusema "myriad stars", na kwamba asemaye "a myriad of stars" amekosa. Fundisho hilo halina msingi. Katika Kiingereza neno lilikuwa jina kwanza, kama lilivyokuwa jina kwa Wayunani; lile la sifa ndilo lililofuata nyuma, likipendwa hasa na washairi. Milton, katika utenzi wake wa mwaka 1667 juu ya kupotea kwa Paradiso, alilitumia kama jina, tena katika wingi, kwa majeshi ya malaika. Mwaka 1817 Coleridge alilitumia kama sifa alipomsifu Shakespeare kuwa mtu mwenye akili za namna zisizo na idadi. Basi njia zote mbili ni halali, na mwanafunzi aliyekatwa alama kwa kuandika "a myriad of" amedhulumiwa. La kuepukwa ni kuzichanganya, kama vile kusema "myriad of stars" bila "a" mbele yake, kosa ambalo huonekana hata katika magazeti makubwa.

Kwa mfasiri njia ya kuamua ni nyepesi akishaijua historia hii. Atazame kama penye neno hilo pana mtu anayehesabu. Pakiwa na karani, fedha, askari, au kitabu cha habari za kale, aandike elfu kumi, na "myriads" tatu ziwe thelathini elfu. Pasipo na mtu wa kuhesabu, Kiswahili kina akiba kubwa: -siohesabika, lukuki, chungu nzima, tele, maelfu kwa maelfu. Lakini si kila moja lafaa kila mahali. Nyota zaweza kuwa lukuki. Malalamiko katika barua ya kiofisi ni bora yawe "mengi sana", kwa sababu "chungu nzima" lina harufu ya dharau, na mlalamikaji ataisikia.

Katika elimu ya vipimo neno lilifika na likaondoka. Wafaransa walipotunga vipimo vipya mwaka 1795 walitwaa kutoka Kiyunani "kilo" kwa elfu na "myria" kwa elfu kumi, na kwa muda mrefu "myriamètre" ilikuwa njia ya kutaja kilomita kumi. Vipimo vya kimataifa vilipopangwa upya mwaka 1960, "myria" haikupewa nafasi. Nduguye angali dukani, na kila anunuaye kilo ya sukari hutamka Kiyunani.

Wataalamu wa wadudu, hata hivyo, hawakuliacha. Jongoo na tandu wamewekwa katika kundi liitwalo Myriapoda, yaani wenye miguu elfu kumi. Kwa majina yao ya Kiingereza yaliyotokana na Kilatini, tandu ni mwenye miguu mia na jongoo ni mwenye miguu elfu. Majina yote matatu yametiwa chumvi. Tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili, na idadi ya jozi zake huwa witiri, yaani haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo hawezi kamwe kuwa na miguu mia barabara, maana hiyo ingekuwa jozi hamsini. Jongoo ana jozi mbili katika pingili zake nyingi, na kwa muda mrefu hakujulikana hata mmoja aliyefikia elfu. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza jongoo mwembamba kama uzi, asiye na macho, aliyepatikana ndani ya shimo lililochimbwa na watafutaji wa madini huko Australia ya Magharibi, mita 60 chini ya ardhi. Walimhesabu wakapata miguu 1,306, mingi kuliko ya mnyama mwingine yeyote ajulikanaye. Bado amepungukiwa na 8,694 ili astahili jina la kundi lake.